Kwa Nini Pumzi Hukatika Usingizini Kule Mlimani

Nyinyi mliorudi jana kutoka juu mkilalamika kwamba hamkupata hata lepe la usingizi, kaeni mnisikilize. Na anayetaka kuniambia habari za vidonge, akae navyo mfukoni mpaka nimalize.

Hapo kale watu wetu hawakuishi huku kwenye migomba. Waliishi juu kabisa, karibu na barafu ya Kibo, na huko ndiko pumzi ilikokuwa nyingi. Mlima wenyewe ulikuwa ukipumua, nao watu wakipumua pamoja nao. Kikongwe alipanda mteremko na mzigo wa kuni kichwani huku akipiga soga. Usiku watu walilala fofofo, mbuzi wakaingia ndani wakatafuna mkeka na mwenyewe asijue. Jamani, ule ndio ulikuwa usingizi. Waliopata taabu ni watu wa chini, maana walitembea hatua chache tu wakaketi kutweta.

Mwanamke mmoja, Mkunde, alizaliwa huko juu, na hakutaka kuishi kwingine. Mdogo wake, Ndeanka, ndiye aliyeolewa chini. Siku moja ikaja habari kwamba Ndeanka amejifungua mtoto wa kiume, ila mtoto hana pumzi ya kunyonya. Akivuta titi mara moja anaachia, midomo inabadilika rangi. Kumpandisha juu isingewezekana, angefia njiani. Mkunde alijua dawa iko wapi. Alijua pia kwamba pumzi ni kama maji, ikishateremka haipandi tena.

Sasa, kwetu Wachagga, mtu akikukosea sana hukuletea jani la isale, na ukishaletewa isale huna budi kusamehe. Mkunde akachuma isale, akalifunga fundo, akaenda kuliweka kwenye ukingo wa barafu.

"Umenikosea nini, mwanangu?" mlima ukauliza.

"Bado sijakukosea, Baba. Nakuomba pumzi yako iteremke kwa mtoto wa mdogo wangu. Ikiondoka, hatutaweza kukaa kwako tena. Tutakuacha peke yako. Hilo ndilo ninaloliombea radhi."

Hakuna aliyewahi kuleta isale kabla ya kosa. Lakini isale ni isale, hata kwa mlima.

Pumzi ikateremka kama ukungu wa asubuhi. Kule chini mtoto akanyonya mpaka akashiba, wakamwita Nderumaki. Kule juu watu wakaamka wanatweta, vichwa vinawagonga. Majirani walimsema Mkunde vibaya sana, na walikuwa na haki, maana hakumuuliza mtu. Wakafunga mizigo, wakashuka.

Mkunde akaishi huku miaka mingi. Alilima, akacheka na watu, akazeeka vizuri. Ila kila asubuhi akitoka nje alitazama juu kwanza. Alikumbuka barafu ilivyokuwa ikipasuka kwa mlio jua likichomoza, na baridi ya kizingiti kwenye nyayo zake. Ilimuuma, wala hakuficha.

Alipoona nguvu zinamwishia, alimwomba Nderumaki, sasa mtu mzima mwenye watoto, ampeleke akalale kwao mara moja. Wakapanda polepole, wakipumzika kila penye jiwe. Mafiga ya mama yake walikuta bado yapo. Mkunde akajilaza hapo hapo.

Nderumaki akakaa kumsikiliza. Pumzi ya mama yake mkubwa ilipanda, ikapungua, ikapungua zaidi, ikakatika. Akanyoosha mkono amwamshe. Mara Mkunde akavuta pumzi kubwa, akashtuka, akafumbua macho. Akalala, ikawa vile vile tena.

"Mama mkubwa, tushuke. Mlima unakuua."

"Hauniui, mwanangu. Unanizuia pumzi ili usikie vizuri kama ni sisi tumerudi." Kisha akaweka kiganja chake ardhini. "Ni mimi, Baba. Nimekuja kulala tu. Kesho naondoka."

Na tangu siku hiyo, kila alalaye kule juu mlima humkatiza pumzi kidogo, ukatega sikio. Kichwa kikikuuma mno, shuka, usijitie ushujaa. Lakini ukishtuka tu unatweta gizani, usiukasirikie. Umekusikiliza, umekuta si Mkunde, umekurudishia pumzi yako.