Kwa Nini Ngomeni Mgeni Hujikaribisha

Zamani, bahari ilipokuwa bado inagusa ukuta mkubwa wa Mwambakoo, ngome ile haikuwa na mtu. Walioijenga walikuja kwa merikebu kutoka mbali, wakapanga mawe na matofali mekundu, safu juu ya safu, hadi ukuta ukawa mnene kuliko chumba cha kulala. Kisha wakaondoka. Watu wa Mwambakoo waliwaita Warumi, kwani hawakujua jina jingine la watu wa mbali.

Lango lilikuwa wazi, halina mlango, lakini hakuna aliyeingia. Hawakuogopa mashetani, waliona haya. Warumi hawakuaga, na mtu asiyeaga bado yuko kwake. Hata mbuzi akipotelea ndani, mwenyewe alisimama nje akimwita mpaka atoke.

Karibu na lango aliishi Mwanashaha, mwanamke mpole ambaye sauti yake hata majirani hawakuijua. Alikuwa ndani ya arobaini, mtoto wake ana siku kumi na mbili, wakati maharamia walipoonekana asubuhi moja. Desturi yao ilijulikana: kuchoma nyumba za makuti, kisha kuchukua watoto. Wanaume waliteremka ufukweni kuwazuia. Wanawake na wazee wakakimbilia ukutani, na Mwanashaha akatoka na mtoto kifuani.

Langoni wote wakasimama.

"Ingia wewe, Bi Masika," mzee mmoja alimwambia mama mkwe wa Mwanashaha. "Una umri sawa na hao Warumi."

"Niingie kwa watu bila hodi? Sikulelewa hivyo."

Moshi ulikuwa umeanza kupanda nyuma yao. Mwanashaha akasogea mbele.

"Hodi," akasema.

Ndani ya kuta zile tupu sauti ikazunguka, ikarudi: *Hodi.*

Watu wakashikana mikono. Mwanashaha akarudia, na ukuta ukarudia. Ilibaki moja tu, kwa sababu hodi ni tatu, na ya tatu isipopata karibu, mgeni hurudi alikotoka. Alikotoka kulikuwa kunaungua.

"Hodi," akasema mara ya tatu.

*Hodi*, ukajibu ukuta, polepole, kama mtu aliyechoka kusimama mlangoni.

Bi Masika akamgusa bega. "Mwanangu, unabishiwa hodi mara tatu umenyamaza? Ndiyo adabu niliyokufundisha?"

Mwanashaha akamtazama mtoto, akainua uso. "Karibu," akasema, kwa sauti ambayo hata yeye hakujua anayo.

Na kutoka kila pembe ya ngome ile kubwa, juu na chini, ikarudi sauti moja: *Karibu.*

Waliingia wakiwa wameinamisha vichwa, hadi mtoto wa mwisho. Wanaume wakarudi kutoka ufukweni, wakaingia nao, wakaziba lango kwa magogo, na maharamia wakauzunguka ukuta siku mbili, wakaondoka mikono mitupu.

Nyumba za makuti hazikujengwa tena. Watu walijenga kwa mawe humo humo, kwenye pembe ya ngome ya Warumi, ngome ndogo ndani ya ile kubwa.

Na tangu siku hiyo, anayefika pale langoni hupiga hodi tatu, kisha hujikaribisha mwenyewe kwa sauti, hata awe na haya kiasi gani. Halafu hutulia, akasikiliza, ndipo huingia.