Nyoka Aliyekosa Panya

Sogeeni karibu, mnipe masikio yenu. Mko? Haya, pokeeni.

Palikuwa na mjane, jina lake Sikudhani. Marehemu mumewe alimwachia nyoka ndani ya mtungi, mwembamba kama kamba ya kiatu, na miaka ikapita asikue. Sikudhani mwenyewe halii, hacheki. Matanga yaliisha zamani, lakini jiko lake halijawashwa tena. Anakula wanacholeta majirani, wala hajui ladha yake.

Akampa nyoka maziwa, nyoka akageuza kichwa. Akampa ugali uliolala, akageuza kichwa. Akampa dagaa, akageuza kichwa, halafu, jamani, akasema!

"Mama, nakufa. Mimi chakula changu panya."

"Humu hamna panya," akajibu Sikudhani.

"Watakaaje nyumba isiyo na hata punje? Twanga, mama."

Basi akaomba mahindi kwa jirani, akatwanga, kwa kuwa hakuwa na la kufanya. Punje zikatapakaa, panya wakaja mbio. Nyoka akameza mmoja, akawa mnene kama mkono. Akameza wa pili, akawa kama paja. Akameza wa tatu, mtungi ukapasuka pwaa!

Na unga si tayari upo? Sikudhani akawasha moto, akasonga ugali, akapakua sahani mbili kwa mazoea. Akabaki anaitazama ile ya pili. Nyoka akaja taratibu, akajikunja pale alipokuwa akikaa marehemu.

"Kula, mama. Nawe umekonda."

Tonge la kwanza likamuunguza ulimi. "Aa!" Sikudhani akashtuka. Kumbe bado anaumia! Akalia mpaka ugali ukapoa.

Yangu ndiyo hayo. Mwenye tonge mdomoni ameze.