Kwato za Radi

Wahenga hawakupoteza pumzi bure waliposema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayekitaka kilicho chini ya kitanda hakipati akiwa amesimama wima. Lazima apige magoti, na pengine vumbi limwingie puani. Wengi wetu methali hii tunaijua kwa ulimi tu. Hata Bingwa aliijua hivyo hivyo, hadi siku alipompata Radi.

Bingwa ndilo jina aliloitwa na kila mtu zizini, na alilipata kwa haki. Kwa miaka kumi na miwili alipanda farasi wa watu mashindanoni, na vikombe vilijaa rafu mbili sebuleni mwake. Alikuwa na desturi moja: alifika zizini farasi akiwa ametandikwa tayari, akapanda, akaenda zake. Mambo ya chini aliwaachia wengine.

Wengine hao walikuwa mtu mmoja tu, dada yake wa kuzaliwa, aliyemzidi miaka sita. Yeye ndiye aliyemtafutia kazi hapo zizini. Alifagia mabanda, alisukuma toroli la samadi, na ndiye aliyewafundisha farasi wachanga kufuata kamba, kusimama, kurudi nyuma na kutoa mguu kabla mtu yeyote hajathubutu kuwakalia mgongoni. Siku Bingwa alipopewa kikombe kikubwa kuliko vyote, alimshukuru mwenye zizi, daktari wa mifugo, hata dereva wa lori la farasi. Dada alikuwa amesimama mlangoni akisubiri kusikia jina lake. Hakulisikia. Tangu siku ile ndugu hao wawili waliongea ya lazima tu.

Radi alikuwa farasi wa kwanza wa Bingwa mwenyewe, zawadi kutoka kwa mwenye zizi. Alikuwa na miaka miwili na nusu, mweusi tii, na Bingwa alimpenda kama mboni ya jicho lake. Aliapa kumfundisha bila msaada wa mtu.

"Nimepanda farasi mia," alitamba. "Huyu mtoto atanishinda nini?"

Alimshinda, tena mchana kweupe. Radi hakutaka kuguswa miguu. Jumamosi fundi wa kwato alipokuja kumpunguza kwato, teke moja lilirusha sanduku la vifaa hadi ukutani. Fundi, mtu mnene asiyejua kukasirika, aliokota tupa zake za kusugulia kwato moja moja, kisha akaitazama miguu ya Radi kwa mbali. Kwato zilikuwa zimerefuka kupita kiasi, na ule wa mbele kushoto ulikuwa umepasuka.

"Bingwa, ufa huu ukipanda hadi juu, atachechemea maisha yake yote."

"Daktari si anaweza kumpa dawa ya usingizi?"

"Leo umlaze, baada ya wiki sita umlaze tena, mpaka lini? Mfundishe. Nitarudi Jumamosi ijayo. Asipotoa mguu, usiniite tena. Mbavu zangu bado nazihitaji."

Kwa siku nne Bingwa alihangaika. Alishika mguu, Radi akauvuta, naye akauachia upesi asije akapigwa. Akashika tena, akaachia tena. Kufikia Jumatano Radi alikuwa anarusha teke kwa kumwona tu akisogea. Bingwa aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akautazama ufa ule, na machozi yakamlengalenga. Aliogopa. Farasi wake angelemaa, na yeye ndiye angekuwa amemlemaza.

Dada akapita na toroli. Alipunguza mwendo, lakini hakusimama. Bingwa alijua kabisa kwamba msaada ulikuwa unampita hivi hivi, ukisukuma samadi. Ulimi ulikuwa mzito, lakini aliinuka akamfuata.

"Dada, nimeshindwa. Nifundishe."

"Nani, mimi mfagiaji?"

"Nilikukosea siku ile ya kikombe. Niliwashukuru watu wote, wewe nikakuruka. Nisamehe."

Dada akashusha toroli.

"Hata yule dereva mwenyewe alishangaa," alisema. "Haya, njoo. Na hayo mabuti yanayong'aa vua, Radi akijiona humo atadhani ameletewa mwenzake."

Alimwambia Bingwa ajaribu huku yeye akitazama. Bingwa akashika, Radi akavuta, Bingwa akaachia.

"Hapo hapo!" Dada alisema. "Kavuta, umeachia. Siku nne unamfundisha kuvuta, na ni mwanafunzi mzuri ajabu! Farasi hajifunzi unaposhika, mdogo wangu, hujifunza unapoachia. Akivuta, mfuate kwa mkono. Akitulia, hata kwa pumzi moja, mwachie. Na anza begani, ushuke taratibu. Na ushuke na wewe! Unainama kama mtu anayeokota kitu barabarani huku anachungulia nani anamwona."

Bingwa akashuka. Mgongo ulimuuma kama wa mtu aliyelima kutwa. Radi alivuta, na mkono ukamfuata. Akavuta tena, ukamfuata tena. Mwishowe farasi akashusha pumzi na mguu ukalegea. Bingwa akauachia papo hapo. Radi akageuza kichwa, akamtazama, akalamba midomo.

"Ameelewa," Dada alisema kwa sauti ndogo. "Sasa rudia mara hamsini."

Alirudia siku ile, Alhamisi, na Ijumaa kutwa.

Jumamosi fundi aliingia na sanduku lake akaliweka mbali, mlangoni kabisa. Watu wa zizi walijazana nje kuona kioja. Bingwa alipiga magoti kwenye majani makavu, akateremsha mkono kutoka begani, na Radi akampa mguu. Tupa ilipoanza kukwaruza, farasi alitetemeka na kuvuta mara moja. Mkono ukamfuata. Akatulia. Wa kwanza, wa pili, mpaka wa nne.

"Ufa haukufika juu, atapona," fundi alisema akijifuta jasho. "Nani kakufundisha? Wiki iliyopita hukujua hata pa kuanzia."

Bingwa hakuinuka. Alijibu akiwa pale pale chini, kwa sauti ya kusikika hadi nje.

"Dada yangu. Na si huyu tu. Farasi wote walionipa vikombe, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwashika mguu. Mimi nilikuja kukaa juu."

Mlangoni, Dada alijipangusa macho kwa kiganja.

"Vumbi," alisema, ingawa banda lile alikuwa amelifagia mwenyewe asubuhi. "Haya inuka, magoti yatakufa ganzi."

Bingwa akainuka, akashika mikono ya toroli pale mlangoni kabla Dada hajaifikia, akalisukuma mbele ya watu wote, magoti yake yakiwa yamejaa majani na samadi. Hakujikung'uta. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.