Mwita Fundi Masika

"Mwita fundi masika hulima mwakani." Mmeisikia methali hii mkacheka, kisha mkaniuliza ilitoka wapi. Basi tulieni, wala mtu asinikatize. Haikutoka kwa wahenga wa kale. Ilizaliwa papa hapa bondeni, kinywani mwa mtu aliyeumia.

Mtu huyo aliitwa Margwe Tluway. Alikuwa na trekta moja, na shamba la udongo mweusi alilogawiwa na wazee wa ukoo. Udongo ule mnaujua: kabla ya mvua ni mgumu kama tofali, na mvua ikizidi huwa tope linalomeza magurudumu. Hulimika siku chache tu baada ya mvua ya kwanza. Nao wazee walikuwa na sharti: shamba likilala msimu mzima, hupewa mwingine.

Kila kiangazi, baada ya mavuno, duka la matrekta la mjini lilituma mafundi vijijini. Walizunguka kwa wateja wao wakibadilisha oili, wakisafisha vichujio na kukagua beringi na mikanda, hata ya matrekta yasiyo na tatizo. Jambo hilo ndilo lililomtia Margwe hofu. Aliamini, kama wengi walivyoamini wakati huo, kwamba injini iliyo nzima haifunguliwi. Kuifungua ni kuuamsha ugonjwa uliolala.

Kiangazi hicho trekta lake lilikuwa limeanza kulia asubuhi, kijisauti chembamba kama cha panya aliyebanwa. Kila alipokisikia, alikanyaga mafuta ili ngurumo ya injini ikimeze. Gari la mafundi lilipoonekana, alilisogeza trekta nyuma ya zizi, akalifunika kwa mabua ya mahindi.

"Baba Daqaro," mkewe alimwambia, "unamficha mgonjwa ili mganga asimwone?"

"Mgonjwa yuko wapi? Si linatembea?"

"Hata marehemu baba yangu alitembea mpaka siku ile."

Fundi Lema alishuka garini akitazama huku na huku. "Shikamoo, mzee. Trekta liko wapi? Ni zamu yake."

"Marahaba. Limekwenda kubeba tofali," alidanganya Margwe, akiomba moyoni ng'ombe wasiyavute yale mabua.

"Haya. Lakini mvua zikianza, mzee wangu, mimi sina pacha."

Mvua ya kwanza ilinyesha. Kulipopambazuka, bonde zima lilinguruma kwa matrekta. Margwe alikuwa hajafika mwisho wa shamba kile kijisauti kilipogeuka ukelele, kisha kikanyamaza. Ukimya huo ulimtisha kuliko ukelele. Mvuke ukafumka, mshale wa joto ukapanda hadi kwenye nyekundu, injini ikazimika. Beringi ya pampu ya maji ilikuwa imesagika.

Alimpigia simu Lema. "Fundi, njoo, nakuomba, pampu ya maji imekufa. Mawingu yanajikusanya tena."

"Mzee wangu, niko Dareda, na wanaoningoja ni wengi. Hata nikija, nitakuja mikono mitupu. Pampu tulizokuwa nazo tuliwafungia wenzako kiangazi. Nyingine inaagizwa mbali."

"Sasa mimi nitalima lini?"

"Nikwambie kweli? Mwakani."

Margwe aliwakimbilia majirani. Kila mmoja alimjibu kwa upole, "Nikimaliza langu, kaka," huku akilitazama wingu. Alirudi akasimama kando ya trekta, akasikiliza matrekta ya wenzake yakilima, mpaka mvua ilipoyanyamazisha yote. Mvua ile haikukatika. Udongo ukawa tope, na shamba likaota magugu.

Masika yalipokwisha, wazee walilitoa shamba kwa kijana aitwaye Gwandu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amenunua trekta. Margwe aliitwa ashuhudie mipaka ikionyeshwa. Mzee mmoja akamwuliza kama ana neno.

"Ninalo, la huyu anayelipokea." Akamgeukia Gwandu. "Mwanangu, mwita fundi masika hulima mwakani. Nami hata huo mwakani sinao tena."

Maneno ya mwisho watu waliyaacha, kwa kumhurumia. Ya kwanza wakayachukua, wakawa wanaambiana kila kiangazi gari la mafundi linapoingia kijijini: mwita fundi masika hulima mwakani.