Picha Tatu za Wake wa Mfalme Valdemari

Sogeeni, na masikio yenu yasogee pia. Katika nchi ya theluji aliishi mfalme Valdemari, aliyefiwa na wake watatu. Desturi ya huko, mfalme huchagua mchumba kwa kutazama picha yake iliyochorwa. Ndivyo alivyompata Otilia, mke wa nne.

Siku ya arusi, mfalme alimmiminia divai mbele ya wageni. "Kunywa, mke wangu."

Ukutani, picha ya mke wa kwanza ikafumbua macho. "Nami nilikunywa," ikasema.

Wageni wakapiga yowe. Mfalme akacheka. "Upepo huo!"

Picha ya pili ikafunua kinywa. "Nami nilikunywa."

"Zifunikeni!" Hakuna aliyethubutu.

Ya tatu ikatokwa na machozi ya rangi. "Nami nilikunywa, tena nikiwa na mimba."

Otilia akaisukuma bilauri. "Wake wenzangu wamenionya, bwana. Anza wewe."

Mfalme hakuwahi kunywa kitu kisichoonjwa. Kwa mazoea akaita, "Mwonjaji!"

Mzee mwonjaji akapiga magoti, akalia mbele ya wote. "Bwana wangu, nikate kichwa. Hii siionji."

Hadithi yangu imetua hapo. Aliyeisikia na aibebe.