Askari wa Pembeni na Zamu ya Mchana

Haya, sogeeni. Anayesinzia asinzie, simkatazi, maana hadithi yenyewe ni ya watu waliochoka.

Palikuwa na kiwanda cha nguo, na humo kulikuwa na watu watatu wa zamu ya usiku, wote wa kitengo cha ufumaji. Wa kwanza Mkude, fundi mashine, na kipaji chake kilikuwa kuwaza ambayo hakuna aliyeyawaza. Wa pili Sikudhani, mfumaji, na chake kilikuwa kuona kasoro. Uzi mmoja ukikatika katika jora zima, kidole chake kishafika. Wa tatu Lubuva, mpakiaji, na chake kilikuwa moyo usiotetemeka. Bosi akimfokea, yeye huuliza kama chai imeiva.

Wote walichoka, lakini ngoja niwaambie ya Sikudhani. Alikuwa na binti mdogo, Mwasiti, yuko chekechea. Siku moja mwalimu akawauliza watoto kazi za mama zao. Huyu akasema mama anauza maandazi, yule akasema mama anashona. Mwasiti akasema, "Mama yangu kazi yake kulala." Darasa zima likacheka. Sikudhani alipopata habari hakucheka hata kidogo. Alikaa kitandani akalia, na maskini wa Mungu, usingizi ukamchukua machozi hayajakauka.

Sasa, kila mwaka kiwanda kile kilishindanisha vitengo kwa sataranji, chesi hiyo mnayoijua. Kila kitengo kilitoa mchezaji mmoja. Zawadi haikuwa kikombe wala fulana. Kitengo kilichoshinda kilimtaja mtu wake mmoja, akahamishiwa zamu ya mchana mwaka mzima. Mmoja tu. Na kila mwaka walishinda watu wa ofisini, ambao usiku wanaujua kwa kulala! Zawadi hiyo waliifanyia nini, mimi sijui, na nikifikiria nachoka zaidi.

Asubuhi moja, wametoka zamu, wako kantini na chai yao, Mkude akatandika ubao. "Wale wa ofisini wamesoma vitabu," akasema. "Tukianza kama vitabu vinavyosema, tumekwisha. Mimi nina mwanzo wangu wa kete nyeupe." Kila mtu huanza na askari wa katikati. Mkude akamsukuma askari wa pembeni kabisa.

Lubuva akaangua kicheko. "Huyo anakwenda kuchota maji?"

"Anafungua mlango," Mkude akajibu. "Ngome iliyojibanza kule pembeni itoke mapema, iende vitani."

Kantini nzima ilimcheka. Wakampachika jina, Bwana Pembeni, hata wapishi wakimgawia chai wanamwita hivyo. Aliumia, msidhani hakuumia. Lakini kila asubuhi alianza na askari yule yule, maana aliupenda mwanzo wake, na mtu akipenda chongo huita kengeza.

Sikudhani ndiye aliyekaa upande wa kete nyeusi. Ngome ya Mkude ikitoka tu, askofu mweusi anakuja mbio kwa mshazari kutoka mbali, anaila. Kesho yake tena, anaila. Saa hizo wengine wa zamu yao wameshafika nyumbani, na Mwasiti anakunywa uji kwa jirani. Sikudhani mwenyewe macho yanawaka kama yametiwa pilipili, naye anacheza. Akajaribu kila njia ya kuuvunja mwanzo ule, mpaka asubuhi moja akasema, "Kaka Mkude, mlango wako mzuri, ila nje pana mbwa. Mtangulize farasi. Askofu wangu akimla farasi, ngome inamla askofu, nayo ishatoka." Wakajaribu. Kweli, ngome ikatoka salama, na tangu siku ile Sikudhani hakuweza tena kuuvunja.

Siku ya mashindano, kwenda ukumbini akaenda Lubuva, wameshamfundisha mwanzo ule, kwa sababu Mkude mikono humtetemeka mbele za watu, na Sikudhani hasahau kasoro zake mwenyewe, akikosea hatua moja huwaza hiyo hiyo. Fainali ilikuwa na Bwana Kihanga wa uhasibu. Kura ikampa Lubuva kete nyeupe. Akamsukuma askari wa pembeni, ukumbi ukacheka. Akamtoa farasi. Kihanga akamtazama farasi yule, akatabasamu, akakataa kumla!

Mkude akashika kichwa. Sikudhani akainamisha uso, maana katika asubuhi zote zile, hilo hakulijaribu. Lubuva akaagiza maji, akanywa taratibu, akafikiri peke yake. Ngome akaituliza nyumbani, farasi akamrukisha katikati, akavumilia. Askofu wa Kihanga alipokuja kuliwa kwingine, ndipo ngome ikatoka. Jioni mfalme wa Kihanga hakuwa na pa kukimbilia.

Wakashangilia mpaka wakakumbuka zawadi. Msimamizi wao, Bi Ndelwa, akawaita. "Hongereni. Sasa nipeni jina moja kabla king'ora cha zamu hakijalia."

Mkude akasema, "Bila mimi mngecheza nini? Nimetukanwa kwa ajili ya askari yule. Halafu juzi nilisinzia, mkanda wa mashine nusura unichukue mkono."

Lubuva akasema, "Na bila mimi wazo lenu lingebaki kantini likinywa chai. Farasi hakuliwa, mlinifundisha nini hapo? Mimi na mke wangu tunapishana mlangoni kama wapangaji."

Sikudhani alikuwa anamwona Mwasiti na bakuli la uji.

Lubuva akamgeukia. "Dada Siku, wewe ndiye unayeona kasoro. Taja wewe. Utakayemtaja, tumeridhika."

"Hata ukijitaja mwenyewe," Mkude akaongeza, na alimaanisha.

Ewe Mola! Bora wangemnyima tu. Sikudhani akaanza kupekua kama anavyopekua jora. Wazo la Mkude: lilikuja na kasoro, lakini bila wazo pasingekuwa na cha kukosoa. Kazi yake mwenyewe: ndiyo iliyouokoa mwanzo ule, lakini siku ya siku haikutimia alivyopanga. Ushindi wa Lubuva: aliupata peke yake, lakini kwa mwanzo asioubuni wala kuuponya. Akatafuta nani amezidi, hakuona. Akatafuta nani amepungua, hakuona. Na moyoni alilitaka jina lake, alilitaka mno, mpaka akaanza kuyashuku macho yake.

"Haya, Sikudhani," akasema Bi Ndelwa. "Nakusikiliza."

Akafungua kinywa. Mkude anautazama mkono wake, Lubuva anautazama mlango, na kule nyumbani kwa jirani kuna mtoto anayejua kwamba kazi ya mama ni kulala.

King'ora hakijalia bado. Je, wewe uliyekaa hapo, ungekuwa Sikudhani, ungetaja jina la nani?