Chumvi ya Kalunde

Hapo kale, kabla watu hawajajua kukuza habari, jambo lilisimuliwa kama lilivyotokea. Aliyeona nyoka alisema nyoka, na urefu wake akauonyesha kwa mikono. Katika kijiji kimoja kando ya mbuga, sheria ilikuwa kali zaidi kwa waliotoka kuchemsha chumvi. Aliyerudi alisimama mbele ya Bibi Mbula, mgawaji wa chumvi, akaeleza safari yake. Akiongeza neno, hapati chumvi hadi msimu mwingine.

Ukweli huo uliwachosha watu. Kila msimu habari zilikuwa zile zile: jua, mbu, mizigo ya kuni, moshi machoni. Mwishowe hakuna aliyetaka kwenda tena, na kijiji kizima kikala chakula chapwa.

Kalunde alikuwa na mtoto, Shija, aliyetoka kuugua homa. Kila alicholishwa alikitema, na mbavu zilianza kuhesabika. Kalunde hakuwa na muda wa kulia. Alimwacha mtoto kwa dada yake, akaenda peke yake kwenye chemchemi ya maji ya chumvi. Lakini kazi ile inataka wengi, wa kukata kuni na wa kuchochea moto. Alirudi na chumvi ya kujaza kiganja tu.

Akaitia yote kwenye chungu cha majani ya kunde, akawaita wanawake. Shija alikula, akaomba tena. Wageni walilamba vidole.

"Huko kukoje siku hizi?" akauliza Bibi Mbula.

Kalunde alikitazama chungu kilichobaki kitupu. Akitaja jua na mbu, hatakwenda mtu, na kesho Shija atatema.

"Kuna kiboko, bibi. Mkubwa kama nyumba. Anacheza ngoma."

"Kama nyumba, wewe Kalunde?"

"Nyumba pamoja na ghala lake."

Wanawake waliangua kicheko. Kulipopambazuka, walikuwa wameshajitwika vyungu.

Walikuta jua, mbu na moshi. Walichemsha, wakarudi shingo zikiwauma kwa mizigo ya chumvi. Wakati wa kugawa, Bibi Mbula alimtenga Kalunde pembeni, kapu lake likiwa tupu.

"Huyo kiboko mlimwona?" akawauliza wengine.

Kalunde alitazama chini. Sheria aliijua.

"Tulimwona, bibi," akasema Nyanzobe, aliyebeba mzigo mkubwa kuliko wote. "Ila Kalunde amepunguza. Walikuwa wawili, na wa pili alikuwa anasonga ugali."

Bibi Mbula alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akajifuta machozi, maana sheria ilikuwa bado inamsubiri.

"Haya. Anayetaka kukuza habari aikuze. Lakini kwanza atie chumvi kidogo chunguni mbele yetu, tujue kabisa tunalishwa nini."

Akachota chumvi, akalijaza kapu la Kalunde.

Na tangu siku hiyo, hata mahali pasipo na chungu wala moto, msimulizi akizidisha, watu husema ametia chumvi. Husema hivyo huku wakicheka, na huku wakisogeza vigoda vyao karibu.